Haki Sawa kwa Mwizi wa Mtandaoni

Kwa furaha kubwa tunawatangazia wananchi kwamba Mahakama Maalumu ya Uhalifu wa Mtandaoni imesikiliza shauri lake la kwanza, na sheria imefuatwa nukta kwa nukta. Mimi ndiye karani mkuu. Nilikuwepo.

Mlalamikaji alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mwizi alikuwa ameiteka akaunti yake ya biashara mtandaoni na akawa anapokea malipo ya magauni ya harusi kwa jina lake. Wateja wenye hasira walikuwa wamevamia kibanda cha fundi na kubeba cherehani.

"Mheshimiwa, naomba kampuni iifunge tu hiyo akaunti," alisema. "Hata dada yangu, tumbo moja, ananiita tapeli."

Wakili wa kampuni ya mtandao akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Kampuni inapambana na uhalifu usiku na mchana. Lakini lazima tulinde siri za mteja."

"Mteja si ni mimi!"

"Mteja ni mwenye nywila, mama. Wewe kwa sasa ni mtu baki."

Jaji akaandika. Hoja nzito. Ukazuka mjadala mkali: je, mwizi anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa? Haiwezekani, ni kinyume cha haki za binadamu. Basi nikamtumia hati ya wito kwenye akaunti ileile aliyoiba. Akajibu palepale, tena kwa adabu:

"Waheshimiwa, asanteni kwa kunikumbuka. Utetezi wangu huu hapa. Bonyezeni mfungue."

"Kijana mstaarabu," jaji akasema.

"Baba, usibonyeze!" fundi akapiga kelele. "Na mimi ndivyo nilivyoingizwa mjini!"

"Heshimu mahakama!" nikamkemea.

Mheshimiwa akabonyeza.

Skrini zote zikazimika. Zilipowaka tena, akaunti ya mahakama, muhuri wetu wa kidijitali na saini ya jaji vilikuwa mikononi mwa mshtakiwa. Muda huohuo simu ya fundi ikalia: karudishiwa akaunti yake, pamoja na ujumbe, "Samahani dada, nimepanda cheo." Mama akausoma mara mbili, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akatoka mbio kwenda kuwaonyesha wateja wake na kuidai cherehani. Hata ruhusa hakuomba.

Jaji akamgeukia wakili, jasho linamtiririka. "Ifungeni akaunti yetu. Sasa hivi!"

"Bila shaka, Mheshimiwa. Tuleteeni tu amri ya mahakama yenye muhuri."

"Muhuri si anao yeye!"

"Basi mwombeni yeye."

Tumemwandikia, kwa taadhima zote. Amejibu kwamba maombi ni mengi, tuwe na subira, na karani mkuu mpya atatupigia simu.