Vidole vya Kinyozi Vimelala

Jumatatu, 9 Machi

Nimeamka sina mkono wa kulia. Yaani upo, lakini si wangu. Nikaukung'uta kama kitambaa cha meza. Vidole vikaanza kuchomwa sindano, kwanza moja moja, kisha zote kwa pamoja. Mke wangu akasema kila alfajiri anasikia nikiukung'uta, niende nikatibiwe. Nikamjibu kinyozi hodari haugui mkono.

Kazini, mashine ya kunyolea ikaniponyoka na kutua mapajani mwa mwalimu mkuu. Ikiwa inanguruma! Nikamwambia nilikuwa naipima uimara. Akaamini, maskini. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayenyolea kiti cha pili, hakuamini. Nilimwona kwenye kioo akikimezea mate kiti changu cha dirishani, kile kinacholala nyuma. Akijua mkono umekufa ganzi, kiti kimekwenda. Hatajua!

Jumanne, 10 Machi

Mbinu: kunyoa kwa mkono wa kushoto na kuuita mtindo wa kisasa. Mwalimu mkuu akarudi nimmalizie. Sharafa moja ikaishia sikioni, nyingine ikashuka hadi kwenye taya. Nikasawazisha. Ikapita kiasi. Nikasawazisha upande wa pili. Mwishowe hapakuwa na cha kusawazisha. Akajitazama kiooni, akajipapasa kichwa kama mtu anayetafuta ufunguo, kisha akasema kesho anapigwa picha na wahitimu. Shemeji alitoka nje kucheka. Tulimsikia.

Mke wangu ameshapata habari. Kesho ni kwa tabibu, nipende nisipende.

Jumatano, 11 Machi

Tabibu ni mama mfupi anayetibu uti wa mgongo na viungo kwa mikono yake. Nilikwenda na hila yangu. Nilitaka atamke, mbele ya mke wangu, kwamba ugonjwa umeletwa na kufua taulo za kazini, ili taulo zihamie kwa shemeji.

Nikaanza na taulo. Akanikatiza kwa upole.

"Kaka, ganzi iko kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya cha pete. Kidole kidogo hakina neno. Au nakosea?"

Nikavigusa kimoja kimoja. Mama yangu! Hata ile nusu! Nimeishi na mkono huu tangu nizaliwe, na mtu ambaye hajaushika anaujua kunishinda.

Akaleta mifupa ya mkono ya bandia. Kwenye kifundo kuna njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni vijifupa, dari ni ukano mgumu. Humo hupita kano tisa za kukunja vidole, na katikati yao, umebanwa kama abiria wa mwisho, mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba kwa kazi, mshipa unakosa pa kupumulia. Kidole kidogo kina mshipa wake, unapita njia nyingine. Nikaushika mkono wangu kama yai. Kumbe nyumba nzima iko humu ndani!

Akaniambia niviunganishe viganja mgongo kwa mgongo, vidole vikitazama chini. Nikatulia. Mara nyuki wakaingia vidoleni. Akauliza nashikaje mashine. Nikamwonyesha, kifundo kimepinda, gumba limekaza. Akatikisa kichwa. Taulo hakuzitaja kabisa.

Alinitazama shingo kwanza, kwa kuwa mshipa ule unaanzia huko. Halafu akashika kifundo, akakivuta na kuvisogeza vile vijifupa taratibu mno. Nilikuwa nimejikaza nikingoja mlio wa mifupa. Hapakuwa na mlio. Akanipa kishikizo kigumu cha kufunga kifundo ninapolala, na zoezi la kunyoosha mkono kana kwamba nabeba sinia, ili mshipa uteleze. Nipumzishe mashine. Hakuniahidi miujiza. Alisema nyama ya chini ya gumba ikianza kunywea, atanipeleka hospitali wapime mshipa, na huenda wakalazimika kuipasua ile dari. Mke wangu akauliza itakuwaje nisipopumzika. Tabibu akasema kuna ganzi inayokuja na isiondoke tena.

Kishikizo alikibeba mke wangu mwenyewe.

Alhamisi, 12 Machi

Nimevaa kishikizo kazini. Ni cha kulalia, najua, lakini huruma ya wateja haiji gizani. Nikawasimulia ile njia nyembamba. Wakaacha vinywa wazi! Nimehubiri hadi adhuhuri. Ndipo nikagundua kuwa wote walinisikiliza wakiwa wamekaa kwa zamu kiti cha shemeji, wananyolewa.

Mbinu ya pili: kumtia hofu. Nikamwambia ana dalili usoni. Akaunganisha viganja mgongo kwa mgongo. Tukangoja. Nikamuuliza kama nyuki wameingia. Hawajaingia. Tukangoja zaidi. Akaniuliza kama anaruhusiwa kujikuna pua.

Mzima kama ng'ombe. Inauma.

Jumapili, 29 Machi

Nimekwenda kwa tabibu mara kadhaa. Mazoezi nafanya, kwa kuwa mke wangu ananisimamia kama askari magereza.

Leo nilikuwa namsaidia kumenya viazi, akanipokonya kisu. Mkono wake ukapita juu ya vidole vyangu. Nikasikia kovu. Kovu dogo gumbani mwake, alilojikata mwaka tuliooana. Nikamwambia arudishe mkono. Akaurudisha. Kweli lipo! Nikasikia na mistari ya kiganja, na pete, na ubaridi wa maji ya viazi.

Sikujua ni tangu lini nilikuwa nimeacha kumsikia. Mambo yote hayo yanapita kwenye uzi mmoja, katika kijia kisichozidi upana wa gumba. Nikalia. Akadhani ni vitunguu, na vitunguu havikuwepo.

Jumatatu, 30 Machi

Tabibu kasema nianze kazi kidogo kidogo, kifundo kikiwa kimenyooka, na shemeji anipokee wateja. Mama wa watu anajua mengi, ila biashara haijui.

Nimewaza hivi. Uhai wa mkono wa kulia umerudi. Wa kushoto ulipata mafunzo kwa kichwa cha mwalimu mkuu. Kwa nini mmoja ukae bure? Nimenunua mashine ya pili, kubwa, nzito, inatetemesha mpaka kioo. Nimeweka viti viwili ubavu kwa ubavu, vichwa viwili, nanyoa vyote kwa wakati mmoja! Wateja walijaa mpaka barazani. Shemeji nimemwachia taulo. Akauliza itakuwaje ikifa mikono yote miwili. Nikamwambia ndiyo maana hatakaa dirishani, hana upeo.

Jioni mkono wa kushoto unachonyota kidogo. Si kitu. Mashine ni mpya, bado haijanizoea.