Mlango wa Ukurasa wa 142

Jumanne, 1 Januari 2008
Gatina, mtaani kwetu. Mwaka mpya, maduka yamefungwa, barabara haipitiki kwa vurugu za uchaguzi. Hakuna kiatu kilicholetwa kwangu kushonwa tangu Ijumaa. Watu hawatembei, soli hazichakai. Nimebaki na nusu ya kitabu.

Nusu, ndiyo. Kabla ya Krismasi mimi na rafiki yangu Ouma, fundi wa redio kule Sarang'ombe, Kibera, tulichanga tukanunua riwaya ya vijana kwa Waithaka, muuza vitabu vya mtumba pale mtaa wa Satellite. Sayari na vyombo vya angani! Kila mmoja akataka kuanza. Nikatoa wazo la hekima: nikakikata katikati kwa kisu changu cha kukatia ngozi. Mimi mwanzo, yeye mwisho, tubadilishane mwaka mpya. Halafu tukagombana juu ya wagombea wetu wa urais, tukaachana bila kuagana.

Alhamisi, 3 Januari
Moshi upande wa Kibera. Sitaki kuutazama. Nasoma.

Kitabu ni bure kabisa! Shujaa, kijana Tarvo, anajiangalia kwenye kioo kurasa arobaini. Kisha anatembea juu ya mawe makali siku tisa, na soli haibanduki! Nani anawashonea viatu huko? Gundi wanaitoa wapi? Mwandishi hasemi. Nimekiacha rasmi ukurasa wa 97. Dada yangu Ndanu akauliza mbona basi nimekunja ukurasa. Nikamwambia ashughulike na sufuria yake ya muthokoi.

Ijumaa, 4 Januari
Nimeimaliza nusu yangu. Kwa ajili ya viatu tu. Ukurasa wa 142 Tarvo anafungua mlango wa chuma chini ya sayari. Ndani aliona... Na hapo ndipo nilipokata! Aliona nini? Mashine? Baba yake? Fundi viatu?

Simu ina kredo ya meseji moja na hakuna anayeuza. Ndanu anasema nimuulize Ouma kama yuko salama, basi. Ili aone mimi ndiye niliyelegea kwanza? Hapana. Nimemuuliza kuna nini nyuma ya mlango. Akijibu, nitajua mambo mawili kwa meseji moja. Akili hiyo!

Jumapili, 6 Januari
Kimya. Siku mbili. Naogopa. Mlango siutaki tena, hata uwe umeficha dhahabu. Kanisani nimemwombea Ouma. Nimeiombea na nusu ya kitabu, kwa kuwa magoti yalikuwa tayari chini.

Jumatatu, 7 Januari
Amejibu! Kibanda chake kimechomwa, yeye mzima, yuko kwa shangazi yake Akoth. Ametoka na bisibisi na nusu ya kitabu. Kuhusu mlango ameandika: "Mlango gani? Hiyo kitabu niliachia page ya tano ya nusu yangu, sikumbuki kitu, hao wasee siwajui. Nimeibeba sababu ni yetu wawili. We uko poa lakini? Nilidhani bado umenikasirikia."

Nimelia. Nimemwambia Ndanu ni harufu ya gundi.

Jumamosi, 12 Januari
Tumekutana Satellite. Amekonda. Sikujua nianzie wapi, nikamwomba nusu yake. Tukasoma tumesimama, vichwa vikigongana. Ndani Tarvo aliona mlango mwingine! Tukarukia mwisho: hadithi inaendelea katika kitabu cha pili. Ouma alicheka mpaka akakaa chini. Tukaapa kutosoma tena upuzi huu. Nikamshika mkono muda mrefu, akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nimezishona nusu zote mbili kwa uzi wa viatu. Haziachani sasa.

Jumapili, 13 Januari
Waithaka amefungua baada ya kanisa. Ana kitabu cha pili! Nimekinunua. Safari hii sirudii kosa: nimekikata, lakini mwisho nabaki nao mimi. Ouma akitaka kujua, itabidi aje Gatina.

Nimemtumia meseji kuwa nusu yake iko tayari. Ndanu anasema kredo ipo, mbona simwambii tu aje tukae naye mpaka apate kibanda. Hajui mipango, huyu. Nimetandika godoro la pili.