Protoni Zote Zimeelekea Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Wiki yangu hii! Profesa katangaza: atakayeleta matokeo safi ya protoni ndiye atakayepanda jukwaani kwenye mkutano mkuu. Ni mimi au Bi Sumaku, fundi wa sumaku kubwa, anayenitazama kama mtoto aliyeshika kisu. Kazi yenyewe nyepesi. Protoni huzunguka kama pia ya watoto. Tunazipanga zisimame wima, mwale wa elektroni unazipiga ubavuni, kisha tunahesabu chembe zinazorukia kushoto na kulia. Tofauti ikiwepo, tumechungulia tumboni mwa protoni! Nimehamishia birika langu la umeme chumba cha mitambo. Ushindi unataka chai.

Jumanne, 5 Machi

Mungu wangu! Kushoto chembe tele, kulia kiduchu! Tofauti kubwa namna hii haijapata kuonekana! Nimeruka hadi chai nimeimwaga. Bi Sumaku anasema lazima protoni zigeuzwe kichwa chini. Eti tofauti ikiwa ya kweli, nayo itahamia kulia. Wivu mtupu. Nimemjibu kwamba sumaku yake imechoka, aiache ipumzike.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia mama. Kauliza hiyo protoni inauma wapi. Nilipomweleza kuhusu jukwaa, akalia kwa furaha, kisha akauambia mtaa mzima. Shemeji kaniazima suti. Mikono mifupi, lakini nani atatazama mikono?

Alhamisi, 7 Machi

Aibu! Bi Sumaku kageuza protoni nikiwa chooni. Tofauti haikuhama hata chembe. Kushoto vilevile! Profesa kasema basi hiyo si protoni, ni mitambo. Bi Sumaku kafuata nyaya za vitambuzi vya kulia, vile vinavyohesabu chembe, mpaka ukutani. Nusu yazo zimechomolewa, na kwenye soketi limekaa birika langu, linachemka kwa raha zake. Nilizichomoa mwenyewe Jumatatu. Nilidhani ni za feni. Profesa hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Jukwaa kapewa Bi Sumaku. Mama sijamwambia. Nimeumia, kweli.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamka na furaha tele! Wiki ijayo tunaanza nutroni, na Profesa kanirudisha kwenye zamu. Suti sirudishi. Profesa kaniomba jambo moja tu: safari hii nihakikishe kulia na kushoto viko sawasawa. Nimemwelewa vizuri sana.

Jioni nimepita dukani, nikanunua birika la pili, la upande wa kushoto.