Kipa wa Penalti wa Jabe

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Habari mbaya. Khaled ametangaza akiwa anapima mchele, bila hata kuweka kibaba chini. Khaled ni mwenye duka na mwenyekiti wa timu yetu ya maveterani wa mtaa wa Jabe. Amesema jezi zimechakaa, mpya haziingii nchini kwa sababu ya vikwazo vya nchi jirani, kwa hiyo baada ya mechi ya Jumapili na mtaa wa Ngagara, jezi ya kipa wa akiba atapewa mtu anayeweza kukimbia. Kipa wa akiba ni mimi.

Nieleze, maana watu hawaelewi kazi hii. Kipa wa akiba si kipa asiyecheza. Ni kipa ambaye wakati wake haujafika. Wangu haujafika tangu ujana. Nimekaa benchi la timu moja baada ya nyingine, na katika mechi ya kweli sijagusa mpira hata mara moja, isipokuwa kuurudisha ulipotoka nje. Siku moja kipa wetu aliumia. Niliruka kupasha mwili moto, nikachanika msuli wa paja kabla ya kufika langoni. Tukabebwa wote wawili. Waliochelewa kufika walidhani tumegongana.

Sasa imebaki Jumapili moja. Lazima niingie. Hata kwa penalti tu!

Jumanne, 8 Oktoba

Wazo! Limenijia nikiwa natawadha, ikabidi nianze upya.

Ni hivi. Siku hizi mechi za mitaa hazina dakika za nyongeza. Kwa sababu ya vita barabara zinafungwa mapema, na watu wa Ngagara lazima wafike kwao wakati askari wa vizuizi vya barabarani bado wanaweza kuona uso wa mtu. Timu zikitoka sare, penalti tatu kila upande, halafu kila mtu kwake. Basi kwa nini penalti zidakwe na kipa aliyechoka, wakati benchini kuna mwingine ambaye hajachoka? Mimi sijawahi kuchoka.

Nilimweleza Khaled hoja hiyo kwa utaratibu, kuanzia historia ya penalti. Foleni ya wateja ikafika barabarani. Akakubali. Nafikiri alikubali ili wateja wahudumiwe, lakini kukubali ni kukubali.

Faridi, kipa wetu, fundi wa magari mwenye viganja kama majembe, alikuwa kwenye foleni. Hakukasirika. Hilo ndilo liliniuma.

“Mwalimu, penalti ikifika, lango ni yako,” akasema. “Lakini Huseni atafunga, na mi sitafungwa. Penalti utaziona mu ndoto.”

Foleni nzima ikacheka. Mimi pia, nikawa wa mwisho kunyamaza ili ionekane sijali.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wangu una kasoro. Unahitaji sare.

Huseni, mshambuliaji wetu, hufunga kila mechi. Hilo siwezi kulizuia. Kwa hiyo Ngagara nao lazima wafunge. Si mabao mengi. Ya kutosha tu.

Mke wangu, Mwanamwema, aliniuliza mbona nasukuma ugali kama mtu anayetafuta kitu chini yake. Nikamwambia ninachofikiria.

“Baba Nura,” akasema, “we unaomba Mungu timu yako ifungwe?”

Nikamweleza kwamba kufungwa ni jambo moja na kusawazishiwa ni jambo jingine kabisa. Akaenda kuanua nguo kabla sijafika sehemu ya pili. Nguo zilikuwa bado mbichi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimekwenda Ngagara kwa miguu. Mafuta hakuna, mabasi madogo yamelala.

Kizuizini askari alifungua mfuko wangu, akakuta glavu za ngozi za mchomeleaji nilizoazima gereji. Akauliza ni za nini. Swali zuri. Nikamweleza ukubwa wa lango, kasi ya mpira, na kwa nini kipa hatakiwi kuruka mapema. Nilipofika kwenye hesabu ya pembe akanirudishia mfuko, akaniambia nipite, nipite haraka. Nilimwona akimnong’oneza mwenzake. Bila shaka alikuwa anamfundisha.

Ildephonse ni mshambuliaji wa Ngagara. Ni karani wa hesabu, na zamani nilimfundisha darasani. Nilisema nimekuja kumsalimu. Mkewe, Mathilde, akaniletea Fanta. Tukazungumza habari za afya. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, nikasema kwamba Faridi hashuki vizuri upande wake wa kushoto. Goti. Hakuna aliyeniambia, ila mtu aliyekaa benchi maisha yake yote huona mengi. Mpira wa chini, kushoto kwake, basi.

Ildephonse aliweka glasi chini. Akauliza kwa nini namwambia hayo. Nikamjibu kwamba elimu haina mtaa. Nililipenda jibu hilo.

Ningeondoka hapo. Lakini Fanta ilikuwa haijaisha, naye alikuwa ananisikiliza, na ni nani hunisikiliza siku hizi? Nikamfunulia siri yangu ya kudaka penalti. Usitazame mguu unaopiga. Tazama ule unaosimama, maana ncha yake huelekea mpira unakokwenda. Ildephonse akauliza maswali ya akili sana. Mathilde akasogeza meza ili niweze kuonyesha. Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha ya mwalimu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mazoezi. Risasi zimesikika milimani, karibu kuliko kawaida, tukalala chini wote kiwanjani. Faridi alilala karibu yangu. Tukisubiri kimya kirudi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba goti lake la kushoto limeharibika tangu sanduku la gia limwangukie.

“Nakuambia we tu, Mwalimu. Uko mutu ya kuchunga siri.”

Milio ilipokwisha wote waliinuka wakajipangusa vumbi. Mimi niliendelea kulala, uso kwenye majani, muda mrefu kidogo. Khaled akauliza kama nimepigwa. Nikasema hapana.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika nikiwa na barafu pajani.

Baada ya alasiri kiwanja kilijaa. Huseni alifunga mapema, kama nilivyohofia. Baada ya hapo Ngagara wakashambulia na Faridi akadaka kila kitu, kwa mikono, kwa kifua, mara moja kwa shingo. Sijawahi kuona kipa akinidhulumu namna ile. Jua likaanza kushuka. Nikajiona nakabidhi jezi ikiwa kavu.

Dakika za mwisho kabisa, Ildephonse akapata mpira. Chini. Kushoto kwa Faridi. Goti likagoma. Bao!

Nami nikaruka kutoka benchini nikapiga kelele za shangwe.

Benchi zima likanigeukia. Nikasema paja. Nikashika paja.

Sare. Khaled akanitazama kama mtu anayetazama deni, akaashiria kwa kidevu. Nikaingia. Watu walipiga makofi, wengine walicheka, kwangu vyote vilikuwa vitamu. Nikapita karibu na Faridi. Akanipigapiga bega, akasema Mungu akusaidie mzee wangu. Ningependelea anipige kofi.

Penalti ya kwanza, Ildephonse. Nikatazama mguu unaosimama. Ncha ilielekea kulia, wazi kabisa, kama kidole cha mwalimu ubaoni. Nikaruka kulia. Mpira ukaingia kushoto, polepole, bila haraka yoyote.

Wa pili, mtu nisiyemjua. Ncha kulia. Nikaruka kulia. Mpira kushoto.

Wa tatu, nilitaka kubaki wima. Lakini nadharia ni nadharia, mtu haiachi kwa sababu ya ajali mbili. Nikaruka kulia, paja likachanika hewani, na mpira ukaingia kushoto.

Sisi tulikosa moja. Ngagara wakashinda.

Hata hapo ningeweza kwenda nyumbani nikiwa kipa mbaya tu. Ila Ildephonse ana adabu, nilimlea vizuri. Alikuja mbele ya timu nzima, akanishika mkono kwa mikono miwili.

“Aksanti sana, Mwalimu. Ile masomo ya Alhamisi, nilifundisha équipe yote ya Ngagara. Na ile ya goti pia.”

Khaled alianza kuhesabu siku za juma kwa vidole hadi akafika Alhamisi. Faridi alinitazama kwanza mimi, kisha goti lake.

“Mwalimu,” akasema, “we hauko kipa. We uko redio.”

Hakucheka. Akaondoka akichechemea, na watu wake wakamfuata. Mimi nikachechemea upande mwingine.

Jumanne, 15 Oktoba

Khaled amechukua jezi. Faridi amepita mlangoni bila salamu, na hilo si dogo kwa mtu ambaye huwasalimu hata mbuzi. Nilikusudia kumfuata nikamweleze. Mwanamwema amenikataza neno hilo, kueleza, mpaka Ramadhani.

Jioni Mathilde alipita akitoka soko la Jabe, akaleta ujumbe wa mumewe. Ngagara hawana kipa wa akiba. Mechi ya marudiano itachezwa mwezi ujao. Je, Mwalimu angependa kukaa kwenye benchi lao, kukaa tu?

Nilikubali kabla hajamaliza. Mwanamwema alicheka hadi akaegemea ukuta, lakini yeye haelewi soka. Ngagara wametambua kipaji.

Tatizo ni moja tu. Kipa wao, Marcellin, ni mzuri mno. Akiwa langoni watashinda bila penalti, na mimi nitazeeka benchini. Hata hivyo, nikiwa nimelala na paja langu, nimekumbuka jambo nililoliona Jumapili kutoka benchini: haji mbele kudaka mipira ya juu. Huogopa. Huseni angelijua hilo, tungepata sare safi kabisa.

Kesho nitapita kwa Huseni. Sitasema mengi. Nitamweleza kidogo tu, na akiwa na maswali, nitayajibu.