Tangi Lililovuka Barabara

Jumatatu, 2 Oktoba

Simu asubuhi. Bi. Lindquist, idara ya mazingira ya jimbo. Sauti tamu, kama mtu anayekualika harusini. Atakuja Jumanne ijayo kukagua tangi langu la dizeli. Nikamwambia karibu sana. Nikakata simu, nikaenda kulitazama tangi. Nalo likanitazama.

Kuna kutu. Chini, upande wa kaskazini, baka la ukubwa wa sinia. Nimelipaka rangi kila kiangazi. Kutu haijali rangi.

Kibaya zaidi: mahindi yamekauka. Wakulima wataingia mashambani wakati wowote, na mashine zao hunywa dizeli kama ndama anavyonyonya. Bi. Lindquist akilifunga tangi, wateja wote watavuka barabara kwenda kwa Duane.

Duane Haugen ni shemeji yangu, kaka yake Marlys, mke wangu. Barabara kuu ya mji wetu ndiyo mpaka wa majimbo mawili. Mimi nauza dizeli upande wa mashariki, yeye magharibi. Matangi yetu ni pacha: kiwanda kimoja, na lori moja ndilo lililoyaleta. La kwangu lazima likaguliwe na mtu mwenye cheti na mashine ya kupimia unene wa chuma. La Duane hukaguliwa na Duane. Hulizunguka na kikombe cha kahawa, hulipiga teke, husema, "Lipo." Basi. Ndiyo sheria ya kule. Barabara yenyewe kuku huivuka bila kufikiri.

Jumanne, 3 Oktoba

Siku ya kuzaliwa ya mama mkwe. Viazi, nyama ya kusaga, vyote vimeokwa bakuli moja, kama kawaida. Duane akaniuliza mbele ya watu wote mgonjwa wangu anaendeleaje. "Usihofu, shemeji. Daktari akimlaza, wateja wako nitawalea mimi." Mama mkwe akacheka mpaka akaweka uma chini. Nikajiongezea viazi kwa heshima kubwa.

Nani kamwambia habari za ukaguzi? Marlys anasema hakusema. Anasema alitaja tu.

Jumatano, 4 Oktoba

Wazo! Limenijia nikinyoa. Nimejikata.

Ng'ambo ya barabara nina kipande cha ardhi alichoniachia baba, kinapakana na uwanja wa Duane. Nalima maboga. Kipande kiko kule. Maboga yako kule. Sasa, sheria nzuri ikikataa kuja kwa tangi, kwa nini tangi lisiende kwa sheria?

Nilimweleza Marlys. Akasema tangi si mbuzi, huwezi kulihamisha ukalifunge penye majani ya jirani. Nikamrekebisha: si majani ya jirani, ni maboga yangu. Akarudi kwenye ufumaji wake. Wanawake wa ukoo wa Haugen hawana jicho la biashara.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimepiga simu ofisi ya kule. Kule matangi yako chini ya zimamoto. Huku wanaogopa yatachafua maji, kule wanaogopa yatawaka. Tangi ni lilelile. Kila jimbo na jinamizi lake.

Aliyepokea ni Bwana Sorum. Sauti ya mtu anayetafuna. Nikasema namuulizia rafiki. Akasema tangi la siku nyingi, la kiasi hicho, mwenyewe analitazama tu kwa macho. Kisha akaanza, "Isipokuwa kama ni—" Nikamshukuru sana, nikakata. Mtu yuko kwenye chakula, si vizuri kumchosha.

Jumapili, 8 Oktoba

Limevuka!

Mji mzima ulikuwa kanisani kwa mlo wa mavuno. Mimi nilipewa zamu ya kahawa. Nikamwomba mchungaji ruhusa, nikasema mgongo unauma. (Sasa unauma kweli.) Dizeli nilikwisha kuihamishia kwenye lori la kusambazia. Einar Tofte alikuja na vyuma na mtambo wake. Kazi yake ni kuhamisha nyumba. Mwaka jana alihamisha shule na ubao ukiwa umeandikwa. Akauliza tangi linakwenda wapi. Ng'ambo, nikasema. Mbali? Nikamwonyesha kwa kidole. Einar ni mtu wa maneno machache, lakini alilazimika kukaa chini kidogo.

Maboga kadhaa yamekufa. Hakuna vita visivyo na maiti.

Duane alirudi kutoka kanisani akiwa bado na kijiti cha meno mdomoni. Akaliona. Kijiti kikaanguka. Akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamjibu kwamba sasa sisi ni majirani wa jimbo moja, karibu achukue boga. Nilijaza dizeli tena. Nililala kama mtoto.

Jumanne, 10 Oktoba

Bi. Lindquist amekuja kwa wakati wake. Koti la manjano, viatu vya shamba, mashine begani. Akatazama mahali palipokuwa na tangi. Akatazama ng'ambo ya barabara, ambako jina langu limeandikwa ubavuni mwa tangi kwa herufi za urefu wa mbwa. Akanitazama mimi.

Nikamwambia kwa huruma kwamba nasikitika, amesafiri bure, huku sina tangi tena.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitia baridi. Akasema, "Bwana Krebs, tangi likiondoka, sisi hubaki na udongo." Kumbe huku ukiondoa tangi lazima udongo wa chini yake uchimbuliwe na upimwe, kuona kama miaka yote hiyo lilikuwa linajikojolea. Akatoa koleo. Amechimba vizuri mno, ningemwajiri. Akaniambia pia atampigia mwenzake wa kule, kwa adabu tu, kumjulisha kwamba tangi limefika salama.

Jumatano, 11 Oktoba

Bwana Sorum. Mnene, mpole, mkate mkononi. Akaitambua sauti yangu nilipomsalimu. Akasema, "Ah, wewe ndiye yule rafiki."

Akanimalizia sentensi yake ya Alhamisi: isipokuwa kama ni tangi lililohamishwa. Neno moja. Tangi la siku nyingi likikaa lilipo, ni mzee, linaachwa lipumzike. Likisogea, hata kuvuka barabara, linazaliwa upya, na mtoto mchanga lazima apimwe kila kitu: unene, viungio vya kuchomelea, miguu, matundu ya kupumulia, umbali toka barabarani, umbali toka kwa jirani. Nikasema nililihamisha polepole sana. Akasema sheria haitaji mwendo.

Akaanza na umbali. Ndoano ya utepe wa kupimia akaitia kwenye mguu wa tangi la Duane, akavuta. Mguu ukavutika. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikadondoka, chekundu kwa kutu, kikimeguka kama biskuti. Bwana Sorum akakiokota, akakigeuza, akaacha kutafuna.

Alizunguka tangi la Duane kwa muda mrefu. Bila kikombe cha kahawa.

Jioni matangi yote mawili yalikuwa yamefungwa utepe mwekundu wa marufuku ya kuuza. Duane alikuja hadi ukingo wa maboga akiwa hana kofia, jambo ambalo sijaliona tangu mazishi ya baba yake. "Shemeji, umeniletea askari chumbani!" Nikamwambia mguu haukuwa wangu. Akasema macho yaliyouona ni yangu, mimi ndiye niliyeyaleta. Akanyanyua boga. Nilidhani atanipiga nalo. Akaenda nalo nyumbani.

Ijumaa, 13 Oktoba

Wakulima wameanza kuvuna. Mashine zinapita barabarani, kubwa kama makanisa, hazisimami kwangu wala kwa Duane. Zinanunua dizeli kwa ushirika wa mji wa kusini. Mzee Arlo Brekke, mteja wangu tangu enzi za baba, alipunguza mwendo, akachungulia kutoka juu, akauliza kwa sauti nimefungiwa upande upi. Nikasema pande zote. Akasema pole, akapiga honi, akaenda zake.

Mama mkwe hazungumzi nami. Marlys anasema hiyo ndiyo faida pekee iliyopatikana.

Jumatano, 18 Oktoba

Majibu. Fundi mwenye cheti amepima chuma changu kila mahali. Ile kutu ni ya juu juu tu. Chini yake chuma kizima, kinene, imara. Udongo nao safi. Bi. Lindquist alipita kunipa habari ya udongo, akaongeza, kwa sauti ileile ya harusini, kwamba lingebaki pale pale lingepita kwa nusu saa, nasi tungekunywa kahawa.

Lakini kwa sheria ya kule lipo karibu mno na barabara. Haliwezi kubaki penye maboga. Kulirudisha huku ni kulihamisha tena. Likihamishwa, hata huku linazaliwa tena, na mtoto mchanga hawekwi kando ya barabara.

La Duane limehukumiwa. Litakatwa vipande. Nilimpelekea chupa ya mvinyo wa cheri. Aliipokea bila kunitazama.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mavuno yamekwisha. Wateja hawapo. Asubuhi Duane alinikuta uani nimekaa juu ya ndoo. Naye akatafuta ndoo. Tukatazama tangi. Akasema hana chuki, ila hana tangi. Mimi nina tangi, ila sina pa kuliweka. Nikamuuliza: hivi kitu chenye magurudumu na namba za gari ni tangi? Duane akafikiri, akasema hapana, hicho ni trela. Nikasema, na trela liko chini ya mazingira? Hapana. Chini ya zimamoto? Hapana! Tukapeana mikono. Mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake.

Tumempigia Einar alete magurudumu. Tukasikia kwenye simu kiti kikivutwa.

Duane alipiga simu ofisi ya magari kuulizia namba. Mwanamke aliyepokea alisema zinapatikana siku hiyo hiyo, hamna shida. Akaanza, "Ila kabla ya hapo ni lazima—" Nikamfanyia Duane ishara. Akakata.

Anajifunza haraka, shemeji.