Kufuli la Tawi Kuu

Jumatatu, 8 Septemba
Siku njema! Doris, mkuu wetu hapa ofisini Same, katangaza kwamba sasa hata sisi tusio wasimamizi wa mfumo tunaruhusiwa kufunga tawi la programu, yaani nakala tunayoifanyia kazi, ili mtu asivurugiwe kazi katikati. Tuaminiane, kasema. Nimefunga tawi kuu palepale! Ndilo linalowatumia wakulima wa mlimani ujumbe wa zamu za maji ya ndiva, bwawa lao la kumwagilia. Kazi yangu imo humo. Mwenzangu Evance alitaka kuingiza yake. Aingilie dirishani.

Jumanne, 9 Septemba
Evance kauliza, kwa upole, nani kafunga. Nikasema labda mtandao. Chai ikanimwagikia. Doris, ambaye peke yake anaweza kufungua lililofungwa na mwingine, kaenda msibani Kighare, hapatikani kwenye simu.

Jumatano, 10 Septemba
Maskini mimi! Programu yangu imewapa wakulima wote zamu moja: kesho alfajiri. Wote! Evance ana marekebisho tayari, hana pa kuyaweka. Tawi likifunguliwa mfumo humtaja aliyelifunga; jina langu litaonekana na kibarua kitaota nyasi. Nimeliacha limefungwa.

Alhamisi, 11 Septemba
Wakulima wamejaa kwenye mfereji mmoja, kila mtu na jembe lake. Mama Justa, ambaye maharage yake yanakauka, kapiga simu ofisini. Kwa bahati mbaya nilipokea mimi. Nikampa shikamoo. Hakuitikia! Mama wa Kipare, shikamoo asiitikie! Akasema wanashuka kuja kumwona aliyewagombanisha na majirani. Nikajifungia stoo, nikafungua tawi kwa simu. Jina langu likatokea kwa wote. Evance kaweka marekebisho yake, kisha kagonga mlango taratibu na kusema wageni wangu wamefika.

Jumamosi, 13 Septemba
Sikufukuzwa! Wakulima waliamua nipande mlimani kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, nizoe tope la ndiva pamoja nao. Nimezoa hadi mgongo umegoma. Mama Justa kanipa makande, nikalia mbele za watu. Doris karudi, kasema ruhusa ya kufunga inabaki kwa wote, ila anayefunga aandike sababu.

Jumatatu, 15 Septemba
Evance kaanzisha tawi jipya. Kesho anamwonyesha Doris, na atasifiwa, namjua. Nimelifunga. Sababu nimeandika, kama tulivyoagizwa: usalama. Na safari hii nimetumia kompyuta ya Doris, aliyoiacha wazi alipokwenda kunywa chai. Likifunguliwa, jina litakalotokea ni lake. Sasa niogope nini?