Mbio za Kumnyamazisha Owuor

Jumatatu, 20 Oktoba
Moyo umechoka. Daktari wa hospitali ya Flemingsberg amesema hawatanipasua tena. Amesema kwa upole sana, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula alichoshindwa kukimaliza. Nimerudi nyumbani Fittja, huku huku Sweden. Nimeamua kuandika kila ubaya nitakaoufanya kuanzia leo, ili nikifika huko nisiulizwe maswali mengi.

Ubaya wa kwanza: nilijifanya nimelala. Binti yangu Veronica alikuwa jikoni na simu. Nikamsikia akimwomba Owuor aseme machache siku ya mazishi yangu.

Owuor! Mjaluo wa Siaya, dereva mstaafu wa treni za chini ya ardhi, jirani yangu wa ghorofa ya pili. Machache! Mwaka jana alisema machache kwenye mazishi ya Mugambi. Mchungaji alichoka akaketi. Tukasimuliwa jinsi meno ya bandia ya marehemu yalivyotumbukia kwenye supu mbele ya wakwe. Mjane alicheka hadi akatolewa nje. Na ile sarufi! "Jeneza yake." "Maneno yangu ni kidogo." Mimi niliyefundisha takwimu chuo kikuu, nizikwe kwa ngeli zilizovunjika miguu? Thubutu.

Jumanne, 21 Oktoba
Owuor kaja na machungwa ya mgonjwa. Kayala mwenyewe. Nikamtegea.

Jumapili huwa tunatazama mbio za farasi za Puerto Rico kwenye kompyuta yangu. Farasi wa Wasweden huvuta vigari kwa mwendo wa madaha, na akithubutu kukimbia kweli anaondolewa mashindanoni. Nchi nzima iko hivyo. Nimekaa humu nusu karne, najua ninachosema.

Jumapili hii wanagombea kombe kubwa. Nikapendekeza kila mtu achague farasi mmoja. Wangu akimtangulia wake, Owuor afunge mdomo mazishini kwangu, hata wimbo asianzishe. Wake akitangulia, aseme mpaka koo limkauke na mchungaji asimguse. Mwamuzi ni Veronica. Kila mmoja amtajie farasi wake kabla ya mbio kuanza. Asiyetaja kashindwa.

Owuor alijipiga mapaja kwa kicheko. Akasema, aki wewe mzee, Mungu anakuita na unamwambia angoje farasi! Akasema Watanzania wote tuko hivyo, maneno mingi. Maneno mengi, nikamsahihisha. Tukapeana mikono. Veronica alipoambiwa alisema "men snälla pappa", yaani jamani baba, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, 22 Oktoba
Kazi ya kisayansi. Nimesoma rekodi za farasi wote. Uwanja ni wa mchanga, na mchanga una tabia mbili. Ukikauka, Rey Mulato hashikiki. Hutoka langoni kama mwizi wa kuku, na amepangiwa nafasi ya ndani kabisa, karibu na uzio. Lakini amebebeshwa uzito mkubwa kuliko wenzake wote, adhabu ya kushinda sana. Mchanga ukilowa unakuwa uji, na mzigo ule utamzamisha. Hapo ni zamu ya Doña Candela, jike mweusi anayepata raha akirushiwa matope usoni. Kwa hiyo sitataja farasi mpaka dakika ya mwisho, nikishauona uwanja kwa macho yangu. Elimu ndiyo hiyo.

Na saa? Mbio zinaanza saa za ukutani za kule zikionyesha mbili mchana, ile tunayoiita saa nane. Hapa zinaonyesha ishirini, yaani, kwa sisi tunaosema Kiswahili, saa mbili usiku. Mbili kwao, mbili kwetu! Kiangazi chote sijapiga hesabu hata mara moja. Owuor huiuliza simu yake. Maskini.

Alhamisi, 23 Oktoba
Ubaya wa leo. Nimemwambia Owuor, kwa sauti ya mtu anayekata roho, kwamba nimepata siri: farasi ni Abuela Paz. Abuela Paz ni jike wa kijivu, kikongwe, anayeshika mkia kila akitoka. Nikakohoa kidogo ili aamini. Akaitazama picha yake kwa muda mrefu. Akasema huyu ana uso wa mama mkwe wake, mama aliyezika waume watatu na bado anadai chai. Akamtajia Veronica papo hapo.

Nikageukia ukutani nicheke. Kifua kiliuma. Ilistahili.

Jumamosi, 25 Oktoba
Mvua Puerto Rico! Nilishangilia. Veronica, ambaye ni muuguzi, akaja mbio na kipimo cha shinikizo la damu. Akapima, hakuamini, akapima tena. Akauliza kwa nini nisimtajie farasi sasa hivi nikalale kwa amani. Nikamwambia mchanga hunywa maji na jua la kule si la mchezo. Atasubiri. Akasema "okej, pappa" kwa ile sauti anayowasemeshea wagonjwa wa watu wengine.

Jumapili, 26 Oktoba
Asubuhi, kabla Veronica hajavua koti, nilimwagiza arudishe saa ya ukutani nyuma kwa saa moja. Usiku Wasweden wamerudisha saa zao nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, kama kila mwaka. Mtu wa sayansi huanza na saa sahihi. Akairudisha, akaenda kazini.

Saa mbili kamili usiku nikawasha kompyuta. Uwanja ni tope tupu! Nikampigia Veronica, nikapaza sauti: Doña Candela!

Akasema, baba, mbio zimekwisha saa nzima iliyopita. Watu wa Puerto Rico hawarudishi saa zao nyuma. Kati yetu na wao sasa ni saa tano, si sita. Doña Candela ameshinda, wenzake hawakuliona hata vumbi lake. Vumbi lipi kwenye tope, nikamuuliza. Abuela Paz? Wa mwisho. Alimaliza watu wakiwa wameshaanza kukunja miavuli.

Basi nimeshinda! Hapana, baba. Asiyetaja kashindwa, ulisema mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Akasema alidhani nimesahau, na alifurahi kwamba nimesahau. Nimemlea katika nchi ya foleni na kanuni, nivune nini kingine?

Mchanga niliupatia. Uzito niliupatia. Farasi nilimpatia! Kama ningeiacha ile saa na kosa lake, ningeshinda.

Jumatatu, 27 Oktoba
Owuor kaja kufanya mazoezi ya hotuba. Mbele yangu! Akasimama miguuni pa kitanda, akavua kofia, akaanza: marehemu alikuwa rafiki yangu, na maisha yake ilikuwa mzuri.

Nikamkatiza. Maisha yake yalikuwa mazuri.

Akasema hajasikia vizuri, nirudie. Nikarudia kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo: maisha yake yalikuwa mazuri!

Akaketi kitandani. Akasema haya, asante mzee, hiyo tu ndiyo nilitaka itoke kwa mdomo yako, na huyu msichana asikie. Veronica alikuwa mlangoni, analia kama mpumbavu. Nimetegwa. Tena na dereva wa treni! Nikaeleza kwamba ule ulikuwa mfano wa sarufi tu. Hakuna aliyenisikiliza. Hata "mdomo wako" sikupata nafasi ya kusema.

Lakini Jumapili ijayo kuna mbio nyingine. Nimemwekea Owuor sharti jipya: nikishinda, mimi ndiye nitakayezungumza kwenye mazishi yake. Akanitazama mimi, akautazama mtungi wa oksijeni, akasema sawa mzee, basi ungoje. Anaendesha baiskeli mpaka Skärholmen kila asubuhi na hajawahi kuugua hata mafua. Hayo ni madogo. Nimeshaandika kurasa mbili za hotuba, na sijafika hata kwenye ndoa yake.